SI MBUZI, SI KONDOO: TAHRI WA MAJABALI YA OMANI



Makala haya yametokana na kalenda. Jamaa mmoja alipokuja likizo Ujiji kutoka Maskati aliacha kalenda ya ukutani, na kama ilivyo kawaida kalenda ile haikuondolewa hata mwaka wake ulipokwisha, kwa uzuri wa picha zake. Picha ya mwezi mmojawapo ilionesha mnyama wa rangi ya hudhurungi, amesimama juu ya genge la mawe, kwato zake nne zimekusanyika mahali pasipotosha hata kuweka sahani. Wanafunzi wetu wakubwa walipoiona wakaanza kubishana. Wa kwanza akasema ni mbuzi. Wa pili akasema ni kondoo mwitu, tazama pembe zilivyorudi nyuma. Wa tatu akauliza swali lililo zito zaidi: "Kama ni mbuzi au kondoo, nyama yake si halali? Mbona jamaa anasema ukimwua kule unafungwa?"

Swali hilo la tatu ndilo tunalokusudia kulijibu. Lakini haliwezi kujibiwa kabla hatujamjua mnyama mwenyewe, mahali anapokaa, na anavyoishi. Basi fuatana nasi.

NI MNYAMA GANI?

Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mnyama huyu, kwa sababu hakai katika nchi zetu. Waomani humwita al-waal al-arabi. Wataalamu wa wanyama humwita tahri wa Arabuni, nasi tutatumia jina hilo la tahri. Msimchanganye na mbuzimawe wa kwetu Tanzania. Mbuzimawe naye hupenda majabali na hutembea juu ya ncha za kwato zake, lakini yeye ni katika jamaa ya paa.

Tahri ni mnyama mdogo. Kimo chake begani ni sentimita 60 na kitu, yaani kama mbuzi wetu wa kawaida. Dume lililokomaa huweza kufikia kilo 40 hivi, na jike ni jepesi zaidi kwa mbali. Wote wawili, dume na jike, wana pembe zilizopinda kuelekea nyuma, ila za dume ni nene na ndefu zaidi. Manyoya yake ni marefu, ya rangi ya hudhurungi iliyokoza, na mstari mweusi hupita katikati ya mgongo. Dume lina singa ndefu mgongoni.

Sasa, ni mbuzi au ni kondoo? Kwa muda mrefu wataalamu walimweka pamoja na wanyama wengine wawili wanaofanana naye: tahri wa milima ya Himalaya, na tahri wa milima ya Nilgiri kusini mwa Bara Hindi. Watatu hawa walihesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini mwaka 2005 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba, yaani zile chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa wazazi wake, na matokeo yake yakawashangaza wengi. Tahri wa Himalaya alionekana yu karibu na mbuzi. Tahri wa Nilgiri alionekana yu karibu na kondoo. Na tahri wa Arabuni alionekana jamaa yake wa karibu yuko huku Afrika: ni kondoo mwitu wa Sahara, ambaye Waberiberi humwita audadi, anayekaa katika milima ya Atlas na majabali ya jangwani.

Kwa hiyo wanafunzi wetu wawili wa kwanza, kila mmoja alipata kidogo na kukosa kidogo. Tahri wa Arabuni si mbuzi na si kondoo. Ni mnyama wa peke yake, na hakuna mahali pengine duniani anapopatikana kwa asili isipokuwa katika milima ya Hajar, iliyomo Omani na sehemu ndogo ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Akitoweka hapo, hakuna nchi nyingine ya kwenda kumchukua.

MILIMA YA HAJAR NA MILIMA YETU

Milima ya Hajar huanzia Musandam kaskazini, inafuata pwani ya Ghuba ya Omani, na kuishia karibu na mji wa Sur. Jina lenyewe Hajar ni jiwe, na kweli ni milima ya mawe. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Jabal Shams, chenye takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Tahri wengi huonekana kati ya mita 1,000 na mita 1,800. Kimo hicho si kigeni kwetu watu wa Kigoma. Maji yenyewe ya Ziwa Tanganyika yako takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya nyuma ya Gombe vinapita mita 1,500, na mlima Nkungwe ulioko Mahale una mita 2,462. Kwa hiyo mtu akisimama juu ya kilima cha Gombe, yuko katika kimo kile kile anachopenda tahri. Tofauti kubwa ni maji. Kigoma tunapata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Milima ya Hajar, hata kule juu, haifikishi nusu yake, na pengine mwaka mzima hupita mvua ikanyesha mara chache tu za kuhesabika. Hakuna msitu. Kuna mawe, vichaka vya miiba, nyasi zilizojificha kwenye nyufa, na miti michache katika makorongo.

Kwa nini basi mnyama akae mlimani? Sababu ya kwanza ni joto. Katika tambarare za Omani wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40. Lakini kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mnyama aliyeko mita 1,500 juu anapata nafuu ya nyuzi 9 hivi kuliko aliyeko pwani.

Sababu ya pili inataka mtu afikiri kidogo. Tahri hapendi kila upande wa mlima. Hupenda zaidi miteremko inayotazama kaskazini. Kwa nini? Kigoma tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri kwetu mara huwa upande wa kusini, mara upande wa kaskazini, kufuatana na miezi. Omani iko mbali kaskazini. Huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini karibu mwaka mzima, ila siku za karibu na mwisho wa Juni ambapo huwa utosini. Basi mteremko unaotazama kusini hupigwa na jua siku nzima na kukauka. Mteremko unaotazama kaskazini hupata kivuli, hubaki na unyevu, na majani yake hukaa mabichi siku nyingi zaidi. Mkulima akiambiwa achague atachagua kaskazini, na mnyama asiyesoma darasa lolote naye kachagua hivyo hivyo. Subhanallah.

Sababu ya tatu ni usalama. Katika genge lililosimama wima, mbwa mwitu hawezi kumfuata.

MWILI ULIOFAA MAWE

Jamii ya wanyama hawa wa milimani wana kwato za aina yake. Ukingo wa nje wa ukwato ni mgumu, hushika kwenye kijipenyo chembamba cha jiwe. Sehemu ya ndani ni laini na yenye kunasa, mfano wa soli ya raba, haitelezi. Kwato mbili za kila mguu zinaweza kupanuka zikashika jiwe kama mtu anavyoshika kwa vidole viwili. Miguu yenyewe ni mifupi na yenye nguvu, kwa hiyo uzito wa mwili hukaa karibu na jiwe. Mtu anayepanda mnazi hujibana na mti; hakai mbali nao. Ndivyo ilivyo.

Chakula chake si cha kuchagua sana. Hula nyasi, majani ya vichaka, na matunda ya miti ya porini. Tofauti na mnyama wa jangwani kama choroa, anayeweza kukaa muda mrefu sana bila ya kunywa, tahri hawezi kuacha maji. Wakati wa joto kali huhitaji kunywa kila baada ya siku mbili au tatu.

Hapo ndipo penye mtihani wa maisha yake. Usalama uko juu, kwenye magenge. Maji yako chini, kwenye madimbwi ya wadi na chemchemi. Kila baada ya siku chache lazima ateremke, aache mahali alipo na amani, aende mahali ambapo adui anajua kuwa atakuja. Wawindaji wa zamani walilijua jambo hilo vizuri. Hawakujisumbua kupanda magenge. Walijificha karibu na maji wakasubiri.

MAISHA YAKE NA WANAWE

Wanyama wengi wa jamii ya mbuzi na kondoo huishi kwa makundi makubwa. Tahri wa Arabuni haishi hivyo. Utamkuta dume peke yake, au jike na mwanawe, au wachache wakiwa pamoja. Sababu yake ni ule uchache wa malisho. Mteremko mmoja unaoweza kumlisha mmoja au wawili hauwezi kulisha ishirini. Kila mmoja hushika sehemu yake, na huacha alama kwa kuparura ardhi na kusugua vichaka kwa pembe, ili mwingine akipita ajue kuwa hapa pana mwenyewe.

Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Lishikeni hilo, maana tutalirudia. Mbuzi wa kufugwa anaweza kuzaa mapacha, na akitunzwa vizuri huzaa tena upesi. Tahri akipoteza mtoto mmoja, amepoteza mazao ya mwaka.

MTU ALIYEMTAMBULISHA

Wakaazi wa milima ya Hajar walimjua mnyama huyu tangu zamani. Lakini wanasayansi wa nchi za nje walikuwa hawajamwandika mpaka mwaka 1894, pale Oldfield Thomas wa jumba la makumbusho la London alipomweleza kwa mara ya kwanza. Alimpa jina la jayakari, kwa heshima ya mtu aliyempelekea.

Mtu huyo ni Atmaram Sadashiv Jayakar, daktari wa Kihindi aliyefanya kazi Maskati kwa zaidi ya miaka 20. Katika muda huo hakuishia kutibu wagonjwa. Alikusanya samaki, mijusi na wanyama wa Omani, na leo viumbe kadhaa vina jina lake. Alijifunza pia Kiarabu cha Omani. Na jambo litakalowafurahisha wanafunzi wa madrasa ni hili: Jayakar ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza sehemu kubwa ya Hayat al-Hayawan, kitabu mashuhuri cha wanyama cha mwanachuoni wa Misri Kamaluddin ad-Damiri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, yaani mwaka 1405 Miladia. Ad-Damiri aliwapanga wanyama kwa herufi, akaeleza majina yao, tabia zao na hukumu za kuliwa kwao. Basi elimu ya viumbe si kitu kigeni kilicholetwa kwetu juzi. Wanavyuoni waliishughulikia karne nyingi zilizopita, na daktari wa Kihindi huko Maskati aliiona thamani yake.

ADUI ASIYEDHANIWA

Ukimwuliza mtu nini kinammaliza tahri, atajibu haraka: bunduki. Ni kweli kuwa bunduki ilifanya kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa tahri waliobaki ni wapatao 2,000 tu. Lakini uwindaji sasa umekatazwa kwa sheria, na bado mnyama huyu anahesabiwa duniani kuwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Mpaka leo idadi yake ni elfu chache tu, na katika Umoja wa Falme za Kiarabu wamebaki wachache sana. Kwa nini?

Jibu ni la kushangaza. Mshindani wake mkubwa ni mbuzi. Mbuzi huyu huyu wa kufugwa.

Hebu tulifahamu vizuri jambo hili. Mbuzi na tahri hula majani yale yale na hunywa katika madimbwi yale yale. Ukija mwaka wa ukame, majani yakiisha, tahri wanyonge hufa na idadi yao hupungua mpaka ilingane na malisho yaliyobaki. Hiyo ni mizani ya kawaida ya porini. Lakini mbuzi wana mwenyewe. Ukame ukija, mwenyewe huwaletea majani makavu kwa gari, huwapa shayiri na tende, huwachotea maji. Kwa hiyo mbuzi hawapungui. Mvua ikirudi na majani yakaanza kuchipua, wako pale, kundi zima, wakiyangoja. Tahri waliosalia wanakuta mteremko umekwisha kuliwa. Mwaka baada ya mwaka, bila ya risasi hata moja, tahri anasukumwa juu zaidi, mahali pakavu zaidi, mbali zaidi na maji. Wako pia mbuzi na punda waliotoroka au kuachwa na wenyewe wakawa wa porini, na hao nao hula bila ya mtu wa kuwazuia.

Tena, mchungaji si mtu mbaya. Anatafuta riziki yake ya halali, kama walivyofanya baba zake. Hakukusudia kumdhuru mnyama yeyote. Lakini dhara haikungoja makusudio. Hapa ndipo penye funzo: mbuzi ana wa kumtetea, tahri hana ila mlima.

Jambo la pili ni kukatwa kwa milima. Barabara mpya, machimbo ya mawe na miji inayokua vimeigawa milima ya Hajar vipande vipande. Tahri walioko upande mmoja hawawezi tena kuvuka kwenda upande wa pili. Kikundi kidogo kilichotengwa huzaliana wenyewe kwa wenyewe, huwa dhaifu, na ikija maradhi au ukame mmoja mkali kinaweza kwisha chote. Ni kama watu waliokwama kisiwani bila ya mtumbwi.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Serikali ya Omani imekataza kumwinda tahri tangu miaka ya 1970. Wakati huo huo ilianzishwa Hifadhi ya Wadi Sarin, katika milima isiyo mbali na Maskati, kwa ajili ya mnyama huyu hasa. Busara iliyotumika pale ni kuwachukua walinzi kutoka katika kabila za wenyeji wa milima ile. Mtu ambaye babu yake alijua dimbwi gani tahri hunywa, na saa gani huteremka, ndiye aliyepewa kazi ya kumlinda. Ujuzi ule ule wa mwindaji ukageuzwa kuwa ujuzi wa mlinzi, na mshahara ukaingia kijijini.

Siku hizi watafiti hutumia pia kamera zinazofungwa kwenye mawe, ambazo hujipiga zenyewe mnyama anapopita. Kwa njia hiyo huweza kumhesabu mnyama mwoga bila ya kumfukuza. Tahri hufugwa na kuzalishwa pia katika vituo maalumu, Omani na katika Falme za Kiarabu, ili kizazi kisikatike. Lakini kumzalisha kituoni ni nusu ya kazi. Anaporudishwa mlimani lazima akute majani na maji.

JE, ANAFAA KWA UDHIYA? NA KAMA NI HALALI, MBONA ANAKATAZWA?

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu wa tatu.

Kwanza, baadhi yenu mliuliza kama mnyama huyu anafaa kuchinjwa Idi. Wanavyuoni wametufundisha kuwa udhiya ni kwa wanyama wa kufugwa: ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mnyama wa porini, hata akifanana na mbuzi namna gani, hafai kwa ibada hiyo.

Pili, suala la nyama. Kuwa kitu kinaruhusiwa kuliwa ni jambo moja, na kuwa kila mtu ana ruhusa ya kukimaliza ni jambo lingine. Samaki ni halali. Lakini sisi watu wa ziwa tunajua kuwa nyavu za macho madogo zimekatazwa, na tunajua ni kwa nini: dagaa na migebuka wakivuliwa wakiwa wachanga, kesho hakuna wa kuvuliwa. Katazo hilo halikuiharamisha nyama ya samaki. Linahifadhi haki ya watu wa kesho. Na tahri ni hivyo hivyo, ila hali yake ni nzito zaidi, kwa sababu jike huzaa mtoto mmoja na hana nchi nyingine. Ufafanuzi zaidi wa kifiqhi waulizeni walimu wenu darasani.

NA SISI HUKU KIGOMA?

Msomaji anaweza kusema: Omani ni mbali, yanatuhusu nini? Kwanza, Omani na Ujiji si wageni. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Wafanyabiashara wa asili ya Omani walikuja kwa pembe za ndovu na, kwa masikitiko, kwa watumwa pia. Wengine walioa na kuzaa hapa, na mpaka leo ziko familia zenye jamaa pande zote mbili.

Lakini sababu kubwa zaidi iko mbele ya macho yetu. Panda boti Kibirizi uelekee Mwamgongo, kisha tazama milima upande wa kulia. Mahali pengine utaona vilima vitupu, udongo mwekundu umechanika kwa mvua. Ukifika Gombe utaona msitu unaoanzia kwenye mchanga wa ziwa. Ukiipita hifadhi, vilima vinakuwa vitupu tena. Sokwe wa Gombe nao wako kisiwani, ingawa maji yako upande mmoja tu. Pande nyingine wamezungukwa na mashamba na makaazi yetu. Hali yao ni ile ile ya tahri aliyekatiwa mlima.

Nasi pia, kama mchungaji wa Hajar, si watu wabaya. Tunataka kuni, tunataka shamba la mihogo, tunataka malisho ya mbuzi. Ila kilima kilichokatwa miti hakimdhuru sokwe peke yake. Mvua ikinyesha, udongo huteremka ziwani, chemchemi hukauka, na akina mama huenda mbali zaidi kuteka maji. Tangu mwaka 1994 vijiji vinavyopakana na Gombe vimekuwa na mradi uitwao TACARE, ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall, wa kupanda miti na kupanga matumizi ya ardhi kijiji kwa kijiji. Wadi Sarin walipewa wenyeji kazi ya kulinda; huku nako wenyeji ndio wenye kauli juu ya vilima vyao. Njia ni moja.

Basi wewe mwanafunzi unaweza kufanya nini? Usiwapeleke mbuzi wa nyumbani kwenye miche iliyopandwa jana. Usichome nyasi za kilimani kwa mchezo. Na ukiona chemchemi, usikate mti ulio juu yake, maana mti ule ndio unaoilinda.

Picha ya kalenda bado iko ukutani. Safari hii wanafunzi wakiitazama hawabishani tena kama ni mbuzi au kondoo. Wanatazama nyuma yake, upande wa kivuli wa mlima, na wanatafuta maji yako wapi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tahri wa aina tatu, na eleza kila mmoja yu karibu na mnyama gani kwa vinasaba.
2. Kwa nini tahri wa Arabuni hupenda miteremko inayotazama kaskazini? Je, mnyama kama yeye angekuwa katika nchi ya kusini kabisa mwa Afrika, angependa mteremko unaotazama wapi? Toa sababu.
3. Eleza kwa nini ukame huwapunguza tahri lakini hauwapunguzi mbuzi wa kufugwa.
4. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwenu: kilima kilicho karibu kilikuwaje alipokuwa na umri wako? Andika majibu yake katika ukurasa mmoja umletee mwalimu.

Wabillahi tawfiq.